Mtaa Mzima Ulimsikia

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Kipaza, na hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa moja: kuzunguka na pikapu yake kuukuu, spika mbili za umbo la tarumbeta juu ya paa, kipaza sauti mkononi, akitangaza. Leo chanjo ya watoto, kesho maji yatakatika, keshokutwa fulani amefariki na mazishi ni saa kumi. Watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mama mmoja alimkuta dukani akinunua sabuni, akamkagua juu hadi chini, akasema, "Kumbe ndiye wewe? Mimi siku zote nilidhani ni mtu mnene."

Unene huo ulitoka kwenye amplifaya. Ilikuwa bati jeusi, zito, lenye mapezi ya kupoozea joto mgongoni, limefungwa kwa nati nne chini ya kiti cha abiria. Kipaza aliifuta vumbi kila jioni kwa kitambaa chake maalumu. Mkewe alimwona, akauliza, "Mke mwenzangu ameshakoga? Basi na mimi nikumbuke."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya nyuma ya nyumba, penye meza ndefu ya kukatia nguo iliyojaa mistari ya chaki na vitundu vya pini. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na mmoja, aliyefanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua. Nyumba yao haikuwa kubwa, na haikuwa kimya hata siku moja. Cherehani upande huu, majaribio ya spika upande ule, na binti katikati akilalamika kwamba amezaliwa karakana.

Jumanne moja Kipaza aliondoka saa mbili asubuhi. Mkewe alikuwa amemwambia kichwa kinamgonga tangu jana.

"Meza dawa ulale," Kipaza akamwambia.

"Nilale? Na sare za shule hizi atashona nani, wewe na makucha hayo?"

Wakacheka. Akawasha gari, akaenda.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kutangaza magodoro. Mwenye duka alitaka mitaa yote imalizwe kabla ya saa saba mchana, kwa hiyo Kipaza alifungulia sauti mpaka vioo vya pikapu vikawa vinatetemeka. Muziki kidogo, tangazo, muziki tena. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa mlango, chini ya karatasi na kitambaa. Kila akikata kona aliongeza utani wake, maana alijua watu hununua kwa aliyewachekesha.

Saa sita alisimama chini ya ukuta wenye kivuli ili anywe maji, ndipo akaichomoa simu. Binti yake alikuwa amepiga mara kumi na moja. Jirani yao, seremala, alikuwa amepiga mara nne. Halafu kulikuwa na ujumbe mmoja: Tumempeleka mama hospitali.

Alimkuta binti yake kwenye benchi la korido, ameshika kiatu kimoja cha mama yake. Hakumuuliza cha pili kiko wapi. Baadaye seremala ndiye aliyemweleza: mama alianguka mbele ya cherehani kama saa nne na nusu, binti alikuwa zamu ya mchana hivyo yupo nyumbani, wakatafuta gari, hakuna, wakamlaza kwenye mkokoteni wa kubebea mbao, wakamsukuma mpaka barabara kuu, na hapo napo wakasimama wakipunga mikono kwa muda ambao seremala hakutaka kuutaja.

Mkewe alifariki saa kumi jioni bila kufumbua macho. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Kipaza akamuuliza kama angefikishwa mapema ingekuwaje. Daktari alivua miwani, akaifuta, akasema magonjwa haya ni magumu.

Mazishi yalitangazwa kwa simu, watu wakitumiana ujumbe. Mtangazaji mwenzake wa upande wa pili wa mji alijitolea kuzunguka, Kipaza akakataa kwa kutikisa kichwa.

Siku tano baada ya kuzika, wageni walipokwisha kuondoka, alikwenda kwenye pikapu, akawasha swichi, akaingiza mkono chini ya kiti. Hakuchukua bisibisi wala koleo. Alishika fungu zima la nyaya za spika akalivuta kama mtu anayeng'oa mhogo. Nyaya zilichomoka zikiwa na umeme, ncha zake zikagusana, zikagusa na bodi. Cheche ziliruka, juu ya paa tarumbeta zikatoa mkoromo mmoja, kisha moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki ukatoka chini ya kiti. Alikaa pale mpaka ukaisha. Akafunga mlango wa gari, akaenda kwa seremala kuomba kazi.

Seremala alimpa msasa na mbao za kulainisha. Ni mtu wa maneno mengi, moyo wake mwepesi, na alimtania ili amfungue kinywa. "Kipaza, ukisugua kama ulivyokuwa unatangaza, ubao utaisha kabla haujawa kitanda." Kipaza alitabasamu kwa adabu tu, akaendelea kusugua.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Binti alipika, akaosha, akapiga pasi shati la baba yake, lakini maneno aliyomwambia kwa siku yangetosha kwenye kiganja. "Chakula tayari." "Maji yamekatika." "Nimefunga mlango wa nyuma." Alimsalimu asubuhi kama inavyompasa mtoto, akiwa anaangalia pembeni. Kipaza hakumuuliza ana nini. Aliogopa kujibiwa. Meza ya kukatia nguo ilibaki barazani na sare ya mwisho juu yake, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado.

Ikapita miezi mitatu hivyo.

Jumamosi moja asubuhi, binti akiwa kazini, muuza mboga wa kona alifika kwa seremala anahema, aproni bado iko kiunoni. Mama yake mzazi, ajuza ambaye kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka, alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, na hakuna aliyemwona.

"Nimezunguka mpaka miguu imekufa," alisema. "Kaka, wewe ndiye tegemeo langu. Zunguka unitangazie."

"Amplifaya imeungua, dada yangu. Gari lenyewe sijaliwasha muda mrefu."

"Basi itengenezwe."

"Risasi amesafiri." Risasi alikuwa fundi wa redio wa mtaani, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya risasi ya kulehemu iliyomganda vidoleni. Duka lake lilikuwa na kufuli wiki ya pili, ameenda kumuuguza kaka yake.

Seremala aliweka randa chini. "Risasi akitengeneza mashine yako, nani alikuwa anamshikia taa? Si wewe? Miaka kumi na minne unamwangalia mikono. Hata mbuzi angekuwa ameshajua."

"Kuangalia si kujua."

"Na kutokujaribu je?"

Muuza mboga alikaa kwenye rundo la mbao, akaanza kulia bila sauti, aproni usoni. Kipaza akajipangusa vumbi la mbao, akaenda nyumbani. Seremala akamfuata muuza mboga wakaendelee kutafuta kwa miguu, wamegawana njia.

Kipaza alifungua nati nne, akaibeba amplifaya kifuani kama anavyobebwa mtoto aliyelala, akatafuta mahali pa kuiweka. Meza ya jikoni ilikuwa fupi na haina mwanga. Palikuwa na mahali pamoja tu panapofaa. Aliikunja ile sare kwa uangalifu, akaiweka juu ya cherehani, akatandika gazeti juu ya meza ya kukatia, akaweka amplifaya juu yake.

Skrubu za chini zilikuwa kumi. Tisa zilitii, ya kumi ilikuwa na kutu, akaitia tone la mafuta ya cherehani na kuisubiri. Kifuniko kilipotoka, ile harufu ya siku ile ikampanda puani, mbichi kama vile ilikuwa imengoja humo ndani. Akageuza uso. Baadaye akarudi.

Kosa moja halikuhitaji ufundi. Kwenye ukingo wa bodi zilikuwepo transista nane, vile vipande vyeusi vya kukuza sauti, zimepangwa mstari, migongo yake imebanwa kwenye bati ili lipunguze joto. Ya tatu ilikuwa imepasuka tumbo. Lakini alikumbuka Risasi akimwambia: anayeonekana amekufa usimhofie, mhofie aliyekufa akiwa amekaa. Akachukua mita yake ya kupimia umeme, akaiweka kwenye mlio, akagusa miguu ya kila moja. Nzima zilinyamaza. Ya tatu ililia. Ya nne, iliyokuwa nzuri kwa macho kabisa, nayo ililia.

Chini ya kitanda alikuwa na amplifaya yake ya zamani, iliyokufa upande wa umeme lakini transista zake zilikuwa salama. Aliangalia namba za mgongoni, herufi kwa herufi. Zilikuwa zilezile. Akachomeka chuma cha kulehemu, akangoja kipate moto, akaanza kuyeyusha risasi mguu mmoja baada ya mwingine, akiinyonya kwa waya wa shaba aliousokota. Alijiunguza kidole cha shahada, akakitia mdomoni, akaendelea.

Binti alirudi saa sita na nusu. Alisimama mlangoni mwa baraza, begi bado begani.

"Hiyo ni meza ya mama."

"Najua, mwanangu. Nimetandika gazeti."

"Sare iko wapi?"

"Juu ya cherehani. Sikuikunja vibaya."

Aliitazama sare, akatazama bati jeusi lililofunguliwa, na uso wake ukabadilika. Miezi yote mitatu alikuwa hajapandisha sauti. Sasa hakupandisha pia, na hilo ndilo lililomtisha baba yake.

"Unaitengeneza ya nini?"

"Mama wa muuza mboga amepotea tangu alfajiri. Nimeombwa nimtangaze."

"Aha. Wa watu."

Kipaza aliweka chini chuma cha kulehemu. Alijua sasa linakuja, na kwamba hana pa kukimbilia.

"Baba, unajua siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini. Simu sikuisikia. Nimekwambia, mwanangu, na nitakwambia mpaka nife, sikuisikia."

"Sijakuuliza kama uliisikia. Nimekuuliza ulikuwa wapi." Alivua begi, akaliweka sakafuni taratibu. "Ulikuwa mtaa wa pili. Mama amelala hapa, hapa ulipoweka miguu. Mimi nimempakata kichwa, napiga simu, na wewe nakusikia. Mtaa mzima tulikuwa tunakusikia. Nikawa naita 'Baba!' kwa nguvu zangu zote, kana kwamba nawe utanisikia kama ninavyokusikia. Unakumbuka ulikuwa unasema nini?"

Kipaza alikumbuka.

"'Mama, mgongo unauma? Godoro hilo limekufa, lizike.' Ukasema hivyo mara mbili. Halafu ukacheka. Mama macho yamemgeuka, na wewe unacheka juu ya nyumba yetu. Kisha sauti ikawa inakwenda mbali. Nikajua umekata kona."

Kuku wa jirani aliparura nyuma ya ukuta. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimegusa gazeti, likaanza kuwa la kahawia, na binti ndiye aliyeona, akakisogeza.

Kipaza, mtu aliyeishi kwa kusema, angesema nini? Kwamba hakujua? Ni kweli hakujua. Hilo halikupunguza kitu. Alikaa kwenye kiti cha mkewe, kwa mara ya kwanza tangu amzike, na machozi yakamtoka yakidondoka kwenye magoti, hakuyafuta.

"Sikujua kwamba ulinisikia," alisema hatimaye. "Ningejua… sijui. Nisingeweza kukaa nawe mezani."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Binti aliingia ndani. Kipaza alisikia maji yakimiminwa, kimya, mlango wa chumbani, kimya tena. Alidhani yameisha, kwamba ameshasikia ya kusikia na sasa ataachwa na bati lake. Akafikiria kulirudisha garini likiwa wazi vilevile. Lakini ajuza wa watu alikuwa nje na jua lilikuwa limesimama utosini. Akashika tena chuma, akalehemu transista ya pili.

Akazipaka migongo krimu nyeupe ya kupitisha joto, akazikaza kwenye bati. Hakuthubutu kuweka fyuzi moja kwa moja. Risasi siku zote huweka balbu ya taa ya mbele mahali pa fyuzi, ili kama kuna kosa, balbu iwake na mashine ipone. Akaleta betri ya gari, akaunga nyaya, akagusisha.

Balbu iliwaka kwa nguvu, nyeupe, ikabaki hivyo.

"Bado," alijiambia. Akapima tena transista zote nane. Zilinyamaza kama inavyotakiwa. Akaangalia risasi alizolehemu kwa mwanga wa simu. Safi. Akagusisha tena, balbu ikamkodolea macho vilevile. Jasho likamtiririka mgongoni.

"Hiki ni nini?"

Binti alikuwa amerudi. Hakuja kwa sababu hasira zimeisha. Macho yalikuwa mekundu na taya limekazwa. Kwa ncha ya kidole alikuwa akionyesha transista zilizokufa, zilizotupwa kwenye kona ya gazeti. Mgongoni mwa mojawapo kulikuwa kumeganda kijikaratasi chembamba, kinachong'aa kama ganda la kitunguu.

Kipaza akapiga paji la uso. Ni kile kijikaratasi cha kuzuia umeme usipite kwenye bati. Ya tatu alikihamisha. Ya nne alikisahau, kilikuwa kimebaki kwa marehemu.

"Macho yako, mwanangu," alisema.

Aliposhindwa kukibandua kwa vidole vyake vinene, binti alichukua pini kwenye meza ya mama yake, akakichokonoa taratibu mpaka kikatoka kizima. Akashika taa wakati baba akilegeza na kukaza upya. Walifanya kazi hiyo vichwa vyao vikiwa karibu kugusana, na hakuna aliyesema kitu zaidi ya "shika hapa" na "sogeza kidogo". Balbu, safari hii, iliwaka mara moja, ikafifia, ikazima. Pembeni mwa bati kitaa kidogo cha kijani kikatokea.

Binti alikitazama kile kitaa. "Twende," alisema. "Utaendesha, mimi nitaangalia njia."

Wakarudisha betri na fyuzi, wakafunga amplifaya chini ya kiti, wakaunga upya nyaya za spika. Pikapu ilikataa mara mbili, ya tatu ikakubali. Walipofika mwanzo wa barabara, Kipaza alishika kipaza sauti, akabonyeza, na juu ya paa ukasikika uhemaji wake mwenyewe. Akaachia. Akajaribu tena, pumzi tu. Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka wakatazama juu.

"Sema, baba," binti aliliambia dirisha. "Bibi wa watu anangoja."

Akasema. Hakutia muziki, hakutia utani. "Anatafutwa bibi. Amevaa gauni la bluu na sweta ya kijani. Ana kitambaa cheupe kichwani. Ni msahaulifu, msimkemee. Ukimwona, mkalishe kivulini, mpe maji, utuite." Kila baada ya tangazo alizima amplifaya kabisa na kusimamisha gari, wakasikiliza, kisha wakaenda mbele. Mtaa kwa mtaa, hivyo hivyo, mpaka saa kumi.

Mlinzi wa kiwanda cha matofali ndiye aliyetoka mbio akipunga kofia. Ajuza alikuwa amekaa nyuma ya tanuri baridi, juu ya matofali, miguu imevimba, kandambili moja mkononi. Mlinzi alimwona toka mchana akadhani ni mama wa mmoja wa wafanyakazi, mpaka aliposikia habari za sweta. Kipaza akampigia seremala, na baada ya muda muuza mboga akafika, ameketi nyuma ya baiskeli ya mtu.

Alishuka kabla haijasimama. Alimkumbatia mama yake wakadondoka wote juu ya vumbi la matofali. "Mama! Mama yangu jamani, mama!" Ajuza hakumtambua. Alimpapasa mgongo kwa huruma, kama anavyobembelezwa mtoto wa mgeni, akamwambia, "Nyamaza, usilie. Mama yako atakuja."

Mlinzi alicheka huku akijifuta machozi. Kipaza naye alijikuta anatabasamu kwa dhati, mara ya kwanza tangu Jumanne ile, na alipogeuka ili atabasamu na mwanawe, aliona uso wake.

"Yeye wa kwake kapatikana," binti alisema.

Kipaza alinyoosha mkono kwenye bega lake. Binti akarudi nyuma hatua moja, akaingia kwenye pikapu, akapandisha kioo. Alilia humo ndani, kwa sauti ya juu sasa, akipiga dashibodi kwa viganja, miezi mitatu yote ikitoka kwa wakati mmoja. Baba yake alisimama nje ya mlango wake. Hakuufungua, hakuondoka. Muuza mboga alipokuja kutoa shukrani alimwashiria kwa mkono asubiri. Alisimama pale mpaka binti alipomaliza.

Mwezi uliofuata binti alisema anataka kwenda kukaa kwa mama mdogo wake, mji mwingine, ambako kuna kazi ya kuchapa kwenye ofisi ya shule. Alisema kwa heshima, asubuhi, wakinywa chai. Kipaza alimuuliza kama ni kwa sababu yake.

"Nusu," binti alijibu. "Nusu nyingine ni baraza ile. Siwezi kupita pale kila siku."

"Nenda, mwanangu."

Alimsindikiza kituoni na begi lake na mfuko wa vyombo. Walifika mapema, wakakaa kwenye benchi la saruji wakitazama watu wakigombana juu ya siti. Gari lilipoanza kupakia, binti alisimama, akakaza mkanda wa begi.

"Baba, nisikudanganye. Sijakusamehe bado. Najaribu, najikuta narudi palepale."

"Najua."

"Ila nitakuwa nakuja."

"Njoo tu hata kama hujasamehe," Kipaza alisema. "Mlango wa nyumbani hauulizi mtu hali ya moyo wake."

Binti aliinamisha kichwa, akamshika baba yake mkono kwa mikono yote miwili, kwa muda mfupi, kisha akapanda. Dirisha lake lilikuwa upande wa pili, hakuweza kumwona akiondoka.

Siku hiyo Kipaza alikuwa na kazi: bomba kuu lilikuwa linatengenezwa, watu wateke maji kabla ya saa tisa. Alizunguka mitaa sita. Wanawake walitoka na ndoo, watoto wakamkimbilia pikapu kama kawaida, na mtu mmoja kizingitini alimwambia mwenzake kwamba siku hizi sauti ya Kipaza imeshuka, labda ana mafua. Mchana aliegesha kwa seremala, wakala mihogo waliyochemsha kwenye sufuria la gundi lililosafishwa, seremala akapiga domo, yeye akasikiliza.

Jioni simu iliita. Binti alisema amefika salama, mama mdogo anamsalimu, chumba ni kidogo lakini kina dirisha. Kipaza akauliza kama kuna baridi. Akajibiwa ipo kidogo. Wakakaa hivyo, kila mmoja akisikia mwenzake anapumua, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.